Kidonge cha Asubuhi cha Atija

Gauni la shule la binti yangu nimelifumua ubavuni na kulishona tena mara nyingi, mpaka kitambaa chenyewe kimechoka. Jina langu Saidi, ni fundi cherehani hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na miaka yetu hii ningeweza kuisimulia kwa mshono ule tu: alinenepa nikaliachia, akakonda nikalibana, akanenepa tena nikaliachia tena. Lakini najua wewe unayesoma hukuja kujifunza kushona. Umekuja kwa sababu nyumbani kwako yuko mtoto, umeambiwa ana magonjwa mawili kwa pamoja, na hujui watu huanza na upi. Basi kaa nikwambie ya kwetu. Mimi mtu wa maneno mengi, mke wangu atakuthibitishia, lakini nitafika.

Atija ndiye mtoto wetu wa pekee, mimi na Fatuma. Tangu mdogo hakuwa mtu wa kutulia. Ukimtuma chumvi anarudi na habari za watu wote wa njiani, chumvi hana. Shuleni profesora alimkalisha mbele, akamhamisha nyuma, mwisho akamweka peke yake karibu na mlango, ikawa ndiyo kamfungulia njia. Hesabu anaianza, anafika katikati, macho yako nje. Sisi tulikuwa tunacheka. Fatuma akisema, "Kwani kamfuata nani? Si huyo babaake, ana suruali tatu za watu hazijaisha na anaanza ya nne?"

Kusi moja, Atija ana miaka kumi, likaja jambo jingine, na hilo halikutuchekesha. Aliacha kulala. Hakuwa na uchovu wala homa, alikuwa na furaha ya ajabu, anasema mbiombio mpaka maneno yanakanyagana. Alfajiri tunamkuta amekwisha kufagia nyua za majirani. Akagawa ndala zake, akagawa kapulana, kanga ya mama yake, akaahidi watu nyumba. Baada ya siku kadhaa ikawa kama mtu kamzima. Akalala akiutazama ukuta, hali, hasemi, hata samaki wa nazi akamgeuzia kichwa. Akanyanyuka, akawa mzima kidogo, kisha ikaanza upya.

Kila mtu alikuwa na jibu. Tulikuwa tumekimbia vita, tukakaa ugenini, tukarudi, kwa hiyo wengi walisema ni hofu tu. Wengine wakasema shetani. Mama yangu, Bi Awa, ambaye tunakaa naye, alimfukizia ubani na kumsomea. Sikumzuia, ubani haukumdhuru mtu, na mtoto alipenda kukaa mapajani kwa bibi yake. Lakini siku moja Atija alitoka asubuhi kwenda Olumbi kwa miguu, peke yake, kumsalimia babu yake aliyekwisha kufa. Watu wa mashambani ndio waliomrudisha, miguu ina damu, na yeye anacheka. Siku hiyo Fatuma alifunga nguo kwenye kapulana, akaniambia, "Twende Pemba mjini, hospitali kubwa. Ubani tutaukuta hapahapa tukirudi."

Sitakusimulia njia. Nitakusimulia benchi.

Nje ya chumba cha dotora kuna benchi refu la mbao, limelainika kwa makalio ya watu. Safari ile ya kwanza tulikwenda wote watatu, lakini zilizofuata nilikwenda mimi na Atija, kwa sababu Fatuma ana kazi ya shamba na mimi cherehani yangu haioti magugu. Basi nikawa mwanamume peke yangu katika benchi la akina mama. Mmoja wao, mtu wa bara, Mmakonde, alikuja na binti yake mkubwa. Alinitazama mimi, akamtazama Atija aliyekuwa akihesabu vigae kwa sauti, akasema, "Baba, mtoto huyu umemwiba wapi?"

"Nimepewa," nikamwambia. "Nilitaka kumrudisha, wamekataa kumpokea."

Alicheka mpaka akajifuta macho. Jina lake Mama Roza. Alikuwa na mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa, akatugawia, na tangu siku ile kila nikifika namtafuta kwanza yeye ndipo nimtafute daktari. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kwenye benchi lile huulizi "mtoto anaumwa nini". Unauliza, "Kalala?" Mtoto akiwa amelala, habari ni nzuri. Nikaipeleka salamu hiyo nyumbani, na mpaka leo kwetu, kabla ya subalkheri, mtu anauliza, "Kalala?"

Dotora ni mwanamke wa kusini, kijana, anazungumza taratibu. Kireno changu ni cha sokoni lakini kilitosha. Alituuliza mambo mengi, akamwangalia Atija kwa konsulta kadhaa, safari baada ya safari, mwishowe akasema mtoto ana mawili: hali inayompandisha na kumshusha, na akili isiyoweza kukaa mahali pamoja. Nikamwambia, "Dotora, hilo la kukaa mahali pamoja ndilo linalomfukuzisha shule. Anza na hilo." Akatikisa kichwa. Dawa ya kukalisha akili, alisema, ukimpa mtoto ambaye bado anapanda na kushuka, inaweza kumrusha juu kabisa. Kwanza tumtulize huko ndani. Akitulia, akakaa hivyo muda mrefu, ndipo tujaribu nyingine, kidogokidogo. Nikaliona jambo hilo la mantiki. Hata nguo huwezi kuitia vifungo kabla hujaunga mabega.

Lakini kulielewa jambo ni kitu kimoja na kulingoja ni kingine. Tulingoja kaskazi yote na masika yote. Dawa ile ya kwanza ilimtuliza, alhamdulillahi, taratibu, kama chungu kinachotolewa kuni moja moja. Akaanza kulala. Ilikuwa na masharti yake: kupimwa damu, na maji. Dotora alisema anywe maji mengi kila siku, asikae na kiu hata kidogo. Atija akawa anatembea na chupa kila mahali. Akanenepa mashavu, akanenepa tumbo, watoto wenzake wakamwita Mama Maji. Alilia kwa jina hilo. Nikalifumua gauni ubavuni, nikampimisha, nikamwambia amekuwa binti wa haja. Akaniambia, "Baba, usinidanganye, mimi ninajiona." Nikarudi kwenye cherehani.

Na shule? Shule ikawa ileile. Katulia moyo, lakini kitabu kinampita. Anakaa kimya sasa, halafu profesora akimuuliza hajui ukurasa upi. Mwisho wa mwaka akarudia darasa. Akaniuliza, "Kwani mimi mjinga, baba?"

Hapo ndipo mimi na Fatuma tulipogombana kweli. Dotora alisema sasa wakati umefika, tunaweza kujaribu kidonge cha asubuhi, cha akili. Fatuma hakutaka kusikia. "Mwanangu analala," aliniambia. "Anakula. Ananiambia shikamoo. Wewe unataka asome nini, awe waziri? Akipanda tena, nani atakwenda kumwokota barabarani?"

"Anajiona mjinga, mama Atija."

"Bora mjinga aliye hai."

Hakuwa amekosea, na mimi sikuwa nimekosea, ndiyo maana tulikaa siku nyingi tukisemeshana kupitia kwa mama yangu. "Mwambie mwanao chakula tayari." "Mwambie mkweo nimesikia." Bi Awa akachoka kutumwa. Akatuita wote wawili, akasema kama hatuna midomo atakwenda kuishi kwa dada yake atuachie nyumba ya mabubu. Tukacheka kwa haya. Fatuma akakubali, kwa sharti moja: usiku wa kwanza mtoto akikosa usingizi, kidonge kinaishia hapo.

Kidonge chenyewe kidogo, unaweza kukipoteza kwenye mkunjo wa nguo. Atija alikinywa asubuhi baada ya uji, akaja kukaa kwangu barazani. Nilikuwa nashona mashuka. Nikampa shuka moja apige pindo kwa mkono, kama ninavyompa siku zote, na siku zote hulipiga pindo shibiri moja kisha akasahau lipo. Nikashona mimi, nikasahau. Nilipoinua macho alikuwa amemaliza upande mzima na amegeuza kona. Kona! Mishono yake imepinda, mingine mirefu mingine mifupi, lakini imefika mwisho. Nikaingia ndani nikamwita Fatuma kwa mkono. Tukasimama nyuma ya mlango tukimchungulia mtoto akishona, na Fatuma akashika shati langu kwa nyuma hakuliachia.

Na usiku alilala.

Miezi ile ilikuwa mizuri. Hamu ya kula ilipungua, akakonda, nikalibana gauni. Profesora alituma salamu kwamba Atija sasa anajibu kabla hajaulizwa. Jina la Mama Maji likasahaulika. Akavunja ungo, wanawake wakamfunda, akatoka na kapulana mpya na aibu mpya. Tukaona tumevuka.

Halafu Ramadhani ikaingia.

Sikiliza hapa, wewe ambaye nyumba yako inafunga. Dotora ni Mkristo wa kusini. Alisema kidonge ni cha asubuhi baada ya kula, hakuuliza habari ya Ramadhani, na sisi hatukumwambia, kwa sababu nani humweleza mtu habari ya jua kuchomoza? Mwaka wa nyuma Atija alikuwa mdogo, hakufunga. Sasa amevunja ungo, amekuwa mtu mzima wa dini, na mwenyewe anataka kufunga kuliko sisi. Kwa mwezi mzima alitaka awe kama wenzake, bila chupa ya maji. Na mimi Ramadhani sipo nyumbani hata nikiwa nyumbani. Ndio mwezi wa nguo za Idi, mji mzima unataka kuvaa kipya, nimezama kwenye vitambaa mpaka shingoni. Dawa alizisimamia mama yangu. Bi Awa alitumia akili yake, akili ya mtu aliyefunga tangu utoto. Kidonge kinataka chakula. Mchana hakuna chakula, na daku aliona ni chakula kidogo. Basi kidonge akakipeleka magharibi, pamoja na futari. Ile dawa ya kwanza aliendelea nayo baada ya tarawehe, lakini maji yakawa ni ya usiku tu, na kidogo.

Mtoto akawa hasinzii. Na mwezi ule, nani anashangaa mtu kutolala? Anaswali tarawehe na wanawake, anasoma Kurani na bibi yake, anapika daku, anapita mlango kwa mlango kuwaamsha majirani. Watu wakasema mashallah, binti wa Saidi amebarikiwa. Mama yangu alitembea kifua mbele. Hata salamu yetu tuliisahau. Hakuna aliyeuliza "kalala?", kwa sababu hakuna aliyelala.

Nilijua siku moja baada ya adhuhuri. Nilitoka msikitini nikarudi kwenye baraza yangu, nikaikuta kamba tupu. Nguo zote za Idi nilizomaliza, zilizopigwa pasi, zimekwenda. Nikadhani mwizi. Kisha nikaona mtoto wa jirani anapita na gauni la manjano la mteja wangu, linaburuza chini. Nyuma yake mwingine, kavaa kanzu ya mtu mzima. Na Atija katikati ya njia, kapulana imelegea, anagawa na kuimba, "Chukueni, Idi imekuja, baba yangu kawashonea wote!"

Ee Mola wangu. Nilimshika mkono, na mkono ulikuwa unatetemeka. Nikafikiri ni furaha. Nikampeleka ndani nikampa sindano na uzi, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndicho kitu ninachokijua. Hakuweza kutia uzi. Mkono ulikuwa unacheza kama jani, midomo imekauka imepasuka. Fatuma alitoka jikoni, akamwona, akaniona. Akamfunga kapulana vizuri, akamshika tukatoka.

Kituo cha afya wakampigia dotora simu. Kidonge cha asubuhi kisimame, ya kwanza isimame mpaka damu ipimwe, apewe maji, aletwe Pemba. Akalazwa. Baadaye, Atija akiwa amekwisha kupoa, dotora aliniita, akavuta kiti, akaniambia, "Seu Saidi, nieleze mwezi wenu. Mnaamka lini, mnakula lini, mnalala lini. Nieleze yote." Nikamweleza, na yeye akawa anaandika na kutikisa kichwa. Mwisho akasema dawa haikukosea, saa ndiyo imekosea. Kidonge cha kumwamsha mtu akili, magharibi, kinamkesheza, na kwa Atija kukesha ndiyo ngazi ya kupandia. Na ile ya kwanza bila maji imegeuka kama sumu mwilini. Akasema pia yeye ndiye alipaswa kutuuliza mapema. Nikampenda kwa neno hilo.

Tukarudi na dawa moja tu. Baada ya kupanda akashuka, kama kawaida, akautazama ukuta kusi nzima. Akanenepa, nikafumua gauni ambalo hakuna aliyelivaa. Nguo za wateja nyingi zilirudi, watu walikuwa na utu. Mama yangu ndiye aliyenitia wasiwasi. Aliacha kula na sisi. Siku moja nikamkuta kakaa kitandani pa Atija, anampapasa mgongo, anasema polepole, "Ni mimi, mjukuu wangu. Ni mimi niliyekupa."

Atija, aliyekuwa hasemi na mtu, akasema ukutani, "Bibi, nilikuwa nakiomba mwenyewe."

Alipotulia tena, muda wa kutosha, nikauliza habari ya kidonge. Dotora alisema atakirudisha, lakini nyumba nzima imwahidi: asubuhi tu, maji siku zote, na Ramadhani Atija hafungi. Fatuma safari hii ndiye aliyesema ndiyo kwanza. "Nilimwona akipiga pindo lile," alisema. "Siwezi kujifanya sikuliona." Mwalimu wa madrasa tulimuuliza, akajibu bila hata kuinuka: mgonjwa wa namna hiyo halazimiki, mlisheni maskini badala yake. Dini haikuwa na tatizo na sisi. Tatizo lilikuwa majirani. Msichana aliyevunja ungo anakula mchana wa Ramadhani, Palma hii, watasema nini? Atija aliniambia atakula chooni. Nikamwambia hapana, hakuna mtoto wangu atakayekula chooni, lakini kusema kweli sikujua atakula wapi.

Kidonge kikarudi. Gauni likabanwa. Akapanda darasa.

Mwezi ulipoandama mwaka huu, mvua zinanyesha, sote tulijifanya tuna kazi nyingine. Asubuhi ya kwanza nilitoka barazani nikamkuta mama yangu amekwisha kutandika mkeka, pale mbele kabisa, panapoonekana na kila anayepita. Juu ya mkeka bakuli la uji, jagi la maji, kikombe, na kidonge kwenye kisahani cha kahawa. Atija akachungulia mlangoni akarudi nyuma.

"Njoo ukae," Bi Awa akamwambia.

"Bibi, watu."

"Nawaona. Macho yangu bado mazima. Njoo."

Akaja, akakaa amejifunika ushungi mpaka puani. Jirani yetu akapita, akasimama, akatazama uji. "Bi Awa! Kulikoni, huyu hafungi, na mwezi umeandama?"

Mama yangu, ambaye midomo yake ilikuwa mikavu kwa saumu, akajaza kikombe mpaka juu. "Mimi ndiye ninayefunga," akasema. "Huyu anatibiwa. Wewe funga yako, na ukipita kesho utatukuta hapahapa."

Jirani akasema haya, Mungu amponye, akaenda zake. Atija akateremsha ushungi. Akanywa uji, akameza kidonge, akamaliza kikombe, na bibi yake akakijaza tena.

"Kalala huyu?" akaniuliza mimi, kwa mazoea.

"Nimelala, bibi," Atija akajibu mwenyewe. "Wewe je, umelala?"

"Mimi?" Bi Awa akamfuta mdomo kwa ncha ya kapulana yake. "Mimi sikulala hata kidogo. Nilikuwa nangojea kukuche nikupe maji."